Abiria wa Upande wa Kushoto

Swali la kwanza nililoulizwa kwenye ofisi ya bima halikuhusu gari. Ajenti aliyeshika faili letu, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, alinivutia kiti, akasubiri nikae vizuri na mkono wangu uliofungwa bandeji, kisha akauliza:

"Na ule mwenzako, madame, iko anaendelea namna gani?"

"Mwenzangu yupi?"

"Ule mulikuwa naye ndani ya gari."

Nilimwambia sikuwa na mtu. Alimtazama mume wangu aliyekaa pembeni yangu, akarudi kunitazama mimi, akatabasamu kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Bon," akasema. "Tutaongea."

Ninaishi Gitega, mtaa wa Nyamugari, na kazi yangu ni kuuza vitambaa. Nimekulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na tuliporudi Burundi, wazazi wangu walirudi na majembe, mimi nikarudi na Kiswahili na cherehani. Mume wangu ni mtu wa hapa hapa Gitega, fundi seremala. Kwa miaka mingi nilikuwa ninakwenda Muyinga kuchukua vitenge vinavyovuka mpaka, na gari lililonibeba lilikuwa stesheni wagoni kuukuu ya rangi ya damu ya mzee, ambayo tuliinunua ikiwa tayari imeshachoka. Milango yake ilifungwa kwa kubembelezwa. Lakini injini ilikuwa nzima, na katika safari zote zile halikuwahi kuniacha njiani.

Jambo moja inabidi nilieleze. Usukani wa gari lile ulikuwa kulia, kama magari mengi yanayotufikia kupitia Tanzania, na Burundi tunaendesha kulia. Kwa hiyo dereva anakaa upande wa mtaro, na anayekaa kushoto ndiye anayeiona barabara. Ukiwa nyuma ya lori na unataka kulipita, unamuuliza mtu wa kushoto, "Wazi?" naye anachungulia na kukujibu. Ukisafiri peke yako, unavumilia vumbi la lori mpaka mlima uishe. Mimi mara nyingi nilikuwa ninasafiri peke yangu.

Siku ya ajali nilikuwa nimetoka Muyinga asubuhi na marobota kwenye kiti cha nyuma, nikapitia Gashoho kwa mteja wangu wa sokoni. Ukungu ulikuwa haujainuka. Ninakumbuka soko, wanawake wakipanga mihogo mikavu chini. Ninakumbuka kutoka sokoni, mlima, na lori la mbao mbele yangu likipanda kwa shida. Baada ya hapo ninakumbuka dari nyeupe ya kituo cha afya, na muuguzi kijana akinisafisha paji la uso. Alikuwa akiongea nami Kirundi, akaniambia nisiwe na wasiwasi, sijavunjika. Kisha akauliza, "Dada yako ndiye atakayekuletea nguo?" Nilidhani ananichanganya na mgonjwa mwingine. Nikalala.

Nilielezwa baadaye kilichotokea. Lori jingine, likiwa tupu, liliteremka mlima ule likakosa breki, likaja upande wetu. Lile la mbao lilikwepa. Mimi niligongwa ubavuni, gari likasukumwa mtaroni na kulala juu ya mikaratusi michanga. Dereva wa lori tupu alikiri palepale, na kwa sababu hiyo bima yake ndiyo iliyotakiwa kutushughulikia. Mambo yalionekana rahisi.

Siku chache baada ya lile swali la ajenti, tuliitwa kwenye yadi ambako gari lilikuwa limevutwa, nje kidogo ya mji wa Gitega. Ilikuwa saa za mchana lakini wingu lilikuwa limeshuka mpaka juu ya mabati. Magari yaliyokufa yalikuwa yamepangwa kwa safu, pua zikitazama njia, na majani yalikuwa yameota ndani ya baadhi yao na kujaa hadi kwenye vioo. Mkaguzi wa bima alitupokea getini. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kalamu sikioni, na tulimfuata.

Gari letu lilikuwa mwisho wa safu. Sikuwa nimeliona tangu siku ile. Upande wangu, wa kulia, ulikuwa na michubuko tu. Upande wa kushoto haukuwepo. Mlango ulikuwa umeingia ndani mpaka ukakutana na gia, na kiti kilikuwa kimekunjwa kama mtu aliyejikunyata kwa baridi.

"Gari iko épave," mkaguzi akasema. "Mi siwezi kukudanganya. Kuitengeneza ni kununua ingine. Ingekuwa mpya, tungejaribu. Hii ni mzee. Imekufa."

Mume wangu alianza kubisha. Alilipenda gari lile. Akasema injini iko nzima, chasisi inaweza kunyooshwa, anamjua fundi. Mkaguzi alimwacha amalize. Kisha akainama, akaingiza mkono kwenye dirisha la mbele lisilokuwa na kioo, akaonyesha kitu.

"Mnaona huu mkanda?"

Ulikuwa mkanda wa kiti cha kushoto. Ulikuwa umefungwa. Ulimi wake wa chuma ulikuwa ndani ya kufuli, na mkanda wenyewe ulikuwa umevutika ukakaza, ukabaki umesimama hewani, ukizunguka umbo la kifua na tumbo la mtu ambaye hakuwepo.

"Mkanda unakaza namna hii kama umeshika mtu," akasema. "Donc, mi nauliza. Nani alikuwa hapa?"

"Hakuna mtu," nikasema.

"Mizigo?"

"Mizigo ilikuwa nyuma."

Aliutazama mlango uliobonyea. "Mlango huu haufunguki. Na mkanda haujafunguliwa. Mtu aliyekaa hapa, madame..." Aliitoa kalamu sikioni, akairudisha. "Watu wa kule mlimani waliambia polisi mulikuwa wawili. Ajenti hawezi kufunga dosiye, ile faili ya gari, kama kuna mtu ameumia na hatujui iko wapi."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mume wangu mbele, mimi nyuma. Ilibidi nimwambie jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, nalo nilimwambia tulipofika jikoni, nikiwa nimempa mgongo.

Nilikuwa ninakumbuka kitu kimoja zaidi. Nikiwa nyuma ya lori la mbao, kwenye ule ukungu, moshi wake ulinichosha nikataka kulipita. Nikauliza kwa sauti, kama nilivyozoea kumuuliza mume wangu tunaposafiri pamoja: "Wazi?" Na nikajibiwa. Neno moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyekaa karibu: "Bado." Nikabaki nyuma ya lori. Kama ningelipita, ningekutana na lile tupu uso kwa uso.

Mume wangu alivuta kigoda akakaa. "Kichwa chako kiligongwa," akasema. "Kichwa kikigongwa kinatengeneza mambo. Mi nakuambia, we ulikuwa peke yako. Wambie hivyo, tumalize."

"Na kama nilimpa mtu lifti pale sokoni, nikasahau? Kama yuko kichakani ameumia?"

Wazo hilo ndilo lililoninyima raha kuliko sauti yenyewe. Sauti ningeweza kuisukuma pembeni. Lakini mtu mwenye mwili, niliyemfungulia mlango mwenyewe, niliyemwambia "funga mkanda", halafu nikamsahau kama mwavuli, huyo nilimwona kila nilipofumba macho, ingawa hakuwa na uso.

Nikaenda Gashoho.

Mume wangu alitaka kunisindikiza nikakataa. Nilipanda gari la abiria hadi Muyinga, nikalala kwa anayeniuzia vitenge, asubuhi nikapanda jingine, nikashuka pale mlimani. Mikaratusi iliyovunjika ilikuwa bado imelala, imekauka, na vipande vya kioo viling'aa kwenye nyasi. Juu ya barabara palikuwa na nyumba moja ya matofali, na migomba, na kijia kinachopanda. Mwanamke wa makamo alikuwa uani akipepeta maharage. Aliponiona nikipanda alisimama. Ungo ulimponyoka, maharage yakamwagika yote.

"Umerudi," akasema kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha Kigoma, kama changu.

"Dada, hunijui. Mimi ndiye niliyepata ajali hapo chini."

"Ninakujua." Hakusogea. "Mwenzako vipi? Alipona?"

Nikakaa kwenye kinu kilicholazwa pale. Nikamwomba anieleze kila kitu, tangu mwanzo, kwa sababu mimi sikumbuki. Naye hakukaa. Alinieleza akiwa amesimama, mikono kifuani, akinitazama usoni muda wote kama anayetafuta alama.

Alisikia kishindo, akasema. Akatoka uani akaona ukungu tu. Kabla hajaanza kuteremka, nikapanda mimi kwenye kijia. Nilitembea vizuri, sikuwa na damu, nguo zangu zilikuwa safi. Nikamsalimu. Nikaomba maji. Alinipa kata, nikanywa nikamaliza, nikaomba tena, nikamaliza tena. Kisha nikamwambia, "Mwenzangu amebaki kwenye gari." Yeye akapiga kelele kuita majirani, wakateremka mbio. Walinikuta mimi kwenye gari.

"Wewe," akasema. "Kwenye usukani, damu usoni, umezimia. Wewe huyu huyu. Uso huo huo. Nikasema, Mungu wangu, ni mapacha. Nikageuka kumwita yule wa maji aje kukushika. Nilimwona juu kule, anaingia kwenye mikaratusi." Akanyoosha kidole kwenye kijia kinachopita nyuma ya nyumba yake. "Nilimwita. Hakugeuka. Wanaume walimtafuta mpaka jioni."

Kuku walikuwa wameshaanza kudonoa maharage. Hakuna aliyewafukuza.

"Sasa niambie," akasema kwa sauti ya chini. "Yule aliyekuwa kwenye gari na yule niliyempa maji, wewe ni yupi?"

Jina langu sitaliandika hapa, lakini ni jina ambalo Mrundi yeyote akilisikia anajua papo hapo kwamba mwenye nalo ni pacha, tena pacha wa pili. Dada yangu, aliyenitangulia, alikufa wakati wazazi wetu wakikimbia kwenda Tanzania. Tulikuwa wachanga, hatujaanza hata kutambaa, mmoja mgongoni kwa mama, mwingine mgongoni kwa baba. Mama hajawahi kusema kwamba alikufa. Siku zote anasema, "Dada yako alibaki njiani." Nimekua nikilisikia neno hilo kama unavyosikia habari ya ndugu aliyehamia mbali.

Nilimwambia yule mwanamke kwamba mimi ni yule wa kwenye gari. Alinishika mkono wenye bandeji, akaubonyeza kidogo. Niliposhtuka kwa maumivu, alipumua.

Ajenti nilimweleza yote. Sikuona jinsi ya kueleza nusu. Alinisikiliza kwa heshima, vidole vimekutana juu ya meza, na nilipomaliza akacheka kidogo, cheko la kututuliza sote wawili.

"Madame, fikiria. Kule centre ya afya walisoma jina lako. Wakasema, huyu ni pacha. Ile habari ikapanda mlima, ikashuka, ikapanda tena. Ule mama akakumbuka vile alisikia. Watu iko hivyo."

"Nguo safi je? Maji je?"

"Pengine uliamka, ukapanda, ukakunywa maji, ukarudi, ukaanguka. We mwenyewe hukumbuki."

Niliikubali hoja yake. Bado ninaikubali, siku za jua. "Na mkanda?" nikauliza.

Nje pikipiki zilikuwa zikibishana kituoni. Ajenti akapangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Mukanda," akasema. "Enfin. Mukanda mi sijui."

Kabla ya kutia saini chochote nilitaka kumwona mama. Wazazi wangu walipewa shamba Bugendana waliporudi. Baba ameshafariki, mama amebaki na migomba yake na ndugu wa karibu. Nilimkuta ameketi mlangoni akimenya mihogo. Nilikuwa nimepanga kuanza mbali, nimzungushe kwanza, lakini alipoliona kovu la paji la uso alilishika na kusema, "Niambie." Nikamwambia.

Hakulia wala hakushtuka. Kisu kiliendelea kumenya. Nilipofika kwenye maji kikasimama.

"Alipewa?"

"Alipewa, mama. Kata mbili."

"Akazimaliza?"

"Akazimaliza."

Alikiweka kisu chini. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba maziwa yake yalikuwa yamekauka njiani, kwamba Muyinga ile ya wakati ule visima vilikuwa vikilindwa na watu wenye silaha, na kwamba mtoto aliyekuwa mgongoni kwake, siyo kwa baba, alifungua na kufumba mdomo hadi akaacha. Walimzika kabla ya mpaka, chini ya miti, kwa mikono. Wapi hasa, hajui. Walikuwa wakikimbia, na milima ya kule inafanana.

"Alikuwa mkubwa kama wewe?" akauliza.

"Hivi hivi, mama. Yule mwanamke hakuweza kututofautisha."

"Kumbe alikua," mama akasema.

Alilisema kama anayepata habari njema iliyochelewa. Mimi nywele zilinisimama. Sijui hadi leo ni kwa hofu au kwa nini.

Ofisini tulirudi mimi na mume wangu. Ajenti alikuwa na karatasi za mwisho: gari linatangazwa kuwa limekufa, bima ya lori inalipa kile gari la umri ule linachostahili, na sisi tunachagua kuwaachia gofu au kulichukua. Mume wangu alikuwa ameshazungumza na fundi wake. Alinigeukia, akaniangalia usoni, na sijui alichokiona, lakini akasema, "Walichukue."

Palibaki pengo moja la kujazwa, la abiria. Ajenti alishika kalamu hewani.

"Ule ndugu yako," akasema, na safari hii hakucheka. "Iko wapi? Nataka kusema, iko hai?"

"Hapana. Alikufa tukiwa wachanga."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kazi yake, na nadhani alikuwa mtu mwema. Aliandika polepole, akasoma kwa sauti alichoandika ili tukubaliane: "Hakuna abiria aliye hai." Kisha akaitazama sentensi yake, na niliona anajuta namna alivyoipanga, lakini hakuifuta. Nikatia saini.

Mama aliomba tumpeleke Gashoho. Hakutaka kusubiri. Tulikwenda wiki iliyofuata, yeye na mimi, kwa magari ya abiria, na mfuko wa sukari na kitenge kipya kwa ajili ya mwenye nyumba. Ulikuwa mchana wa jua kali, hakuna ukungu, na mlima ule ulionekana kama mlima wowote. Yule mwanamke alimpokea mama kwa mikono miwili. Walizungumza habari za kambi, nani alikaa wapi, mgao wa unga ulikuwaje, wakacheka hata. Kisha mama akauliza kijia.

Alipanda peke yake. Tulikiona kitambaa chake cha kichwa kikiingia kwenye mikaratusi, kikaonekana mara mbili tatu kati ya vigogo, kikapotea. Mwenye nyumba aliingia ndani kupika chai. Mimi nilibaki uani, na kwa mara ya kwanza tangu ajali niliogopa kweli, kwa sababu upepo ulikuwa umekufa na bado majani ya kule juu yalikuwa yakitikisika. Nilitaka kumwita mama nikajiuliza nitamwita nani, na nani atageuka.

Alirudi chai ikiwa imepoa. Magoti yake yalikuwa na udongo mwekundu. Alikunywa chai ile ile ya baridi, akamshukuru mwenye nyumba, akambariki.

Kwenye gari la kurudi alilala begani kwangu hadi Bugendana. Nilimwamsha tulipofika njia panda. Alishuka, akajinyoosha mgongo, akaniuliza kama nina chenji, maana alikuwa ameishiwa chumvi na duka lilikuwa bado wazi.